Maji ya Kutupa

Jumatatu, 3 Machi

Aibu ya leo niiandike ikiwa bado moto. Nina shahada ya kemia, daraja la kwanza, na sijui osmosisi ni nini.

Ilikuwa hivi. Daktari wa meno alikuja mwenyewe kituoni kwetu tunakouza maji, na koleo lake la kung'olea meno limefungwa kwenye karatasi. Akaliweka mezani mbele ya Mjomba. Madoadoa meupe mwili mzima! Akasema kwa upole – sijaona mtu mpole kama yeye mwenye kazi ya kuumiza watu – kwamba chombo chake cha kuchemshia vifaa kimeanza kuacha chumvi, na maji anayochemshia ni yetu.

Halafu akanigeukia, kwa kuwa Mjomba hunitambulisha kwa kila mteja kama Mkemia. Mashine yenu inaitoaje chumvi? Nikajibu papo hapo, kama redio. Osmosisi ni mwendo wa maji kupita kwenye utando, kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Sisi tunayalazimisha kwa pampu yaende kinyume, chumvi inabaki nyuma.

“Sawa,” akasema. “Lakini kwa nini yaende kwenye chumvi? Yanafuata nini huko?”

Nikairudia sentensi ileile, neno kwa neno. Mjomba akaniokoa, akamwambia sisi wataalamu tuna siri zetu.

Kutwa nzima nimebeba ndoo na swali hilo. Yanafuata nini? Nilipata alama tisini na sita kwenye mada ile. Sentensi niliyoikariri ilikuwa nzuri mno hata sikuona kwamba haina kitu ndani.


Jumanne, 4 Machi

Mashine yetu si kubwa. Maji ya kisima – ya chumvi – yanasukumwa na pampu kuingia kwenye bomba nene jeupe. Ndani ya bomba umo utando umekunjwa kama mkeka uliowekwa stoo. Upande mmoja yanatoka maji matamu, yanakwenda kwenye tangi la bluu kwa wateja. Upande mwingine yanatoka yaliyobaki na chumvi yao. Hayo Mjomba anayaita maji ya kutupa, na huyataja kwa sauti ya mtu anayetaja shemeji aliyemkosea. Yanakwenda mtaroni.

Mwaka jana tangi lilijaa saa sita mchana. Siku hizi saa kumi, au halijai. Na kile kimita changu cha chumvi, kidogo kama kalamu, kinasema maji matamu yetu yana chumvi mara tatu ya zamani. Daktari hakutuonea.

Mjomba ana jibu tayari: pampu imechoka, na imechoka kwa sababu Fundi Taratibu aliifunga vibaya. Inauma kulisikia. Hawa wawili ni marafiki tangu sijazaliwa. Mtaro huo waliuchimba pamoja, wakibishana kila hatua. Jina la Taratibu aliyempa ni Mjomba mwenyewe, maana fundi huyu hukaza nati kama anayeiomba ruhusa.

Fundi akasema pampu nzima, tazama geji, presha haijashuka, imepanda. Mjomba akasema geji inaongopa. Fundi akaleta geji mpya. Ikasema vilevile. Mjomba akasema basi na hiyo umeifundisha.

Tangu hapo, leo siku ya tisa, hawasemezani. Wanasemezana kupitia mimi. Wamesimama hatua mbili mbali, Mjomba ananiambia nimwambie fundi kwamba spana yake iko mezani. Fundi ananiambia nimwambie mjomba wangu kwamba ameiona. Nami nasema yote mawili, kwa heshima zote, nikitazama ukuta.

Leo Mjomba ametoa siku: Jumamosi ya wiki ijayo. Tangi lisipojaa, pampu inang'olewa na anakuja fundi mwingine. Hakusema kwamba na Taratibu anang'olewa. Hakuwa na haja. Fundi aliendelea kufuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, mpaka vyote kumi.


Alhamisi, 6 Machi

Bibi alikuwa anakata matango jikoni. (Nyumba ni ya watu watatu, nyuma ya kituo: Bibi, Mjomba ambaye ni mwanawe, na mimi.) Akayanyunyizia chumvi. Baada ya muda sahani imejaa maji. Nikamwuliza maji yale yametokaje. Akanitazama kama aliyesikia kengele ya shule imelia siku ya likizo.

“Chumvi imeyavuta. Miaka yote hiyo ulikuwa unasoma nini?”

Chumvi imeyavuta. Ndivyo asemavyo kila mtu, hata mhadhiri wangu aliwahi kuteleza akasema hivyo. Lakini inavuta kwa mkono gani? Niliweka chembe moja ya chumvi kidoleni nikaikodolea macho. Haina mikono. Bibi akauliza kama chembe hiyo imenijibu au bado.

Nimekula matango yote. Sikuelewa lolote, lakini yalikuwa matamu.


Jumamosi, 8 Machi

Jaribio! La kwanza tangu nitoke chuo, na bila fomu ya kujaza.

Nimechukua karoti nene kuliko zote. Nimeitoboa katikati kwa kisu chembamba, si mpaka chini. Nikajaza shira ya sukari nzito, nikachomeka mrija mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, nikaziba mdomo kwa nta ya mshumaa. Karoti ikasimama ndani ya glasi ya maji ya kawaida. Alama ya kalamu kwenye mrija: saa tatu asubuhi.

Saa nne: shira imepanda upana wa vidole viwili. Saa tano: vinne. Hakuna pampu. Hakuna mtu. Karoti peke yake, kwenye dirisha la jikoni, inapandisha maji!

Bibi alipita, akaona. Akauliza nani ameipa karoti mrija, na kama anywaye ni karoti au ni mimi. Mjomba akasema muacheni Mkemia, hata waliogundua umeme walianza hivyo wakachekwa. Alisema kwa kujivuna kabisa. Nikaona haya, maana bado sikuwa nimegundua kitu.

Saa saba nta ikavuja, shira ikateremka, sisimizi wakaja. Lakini nimeona.


Jumapili, 9 Machi

Nimeelewa. Nikiwa nafua, tena. Niliacha shati la Mjomba ndani ya povu nikaja kuandika, mikono ina sabuni, ukurasa huu utabaki na mabaka.

Hakuna anayevuta. Hakuna anayefuata kitu. Kosa lilikuwa kwenye swali!

Maji hayatulii. Chembe zake zinagongagonga huku na huku muda wote. Utando una vitundu: chembe ya maji inapita, ya sukari haipiti. Upande wa maji matupu, kila anayegonga mlango ni maji, na wengi wanapita. Upande wa shira, baadhi ya wagongaji ni sukari, wanashika nafasi mlangoni na hawapiti. Kwa hiyo wanaotoka huko ni wachache. Watu wanaingia na kutoka pande zote mbili, kila nukta, ila wanaoingia kwenye shira wanawazidi wanaotoka. Basi. Ukisimama mbali unaona mto unaokwenda upande mmoja, unasema umevutwa.

Najua vitabu vina maelezo marefu zaidi, na hesabu zake nilizifanya zote. Lakini picha hii ndiyo sikuwahi kuwa nayo.

Na kupanda mrijani? Kunaendelea mpaka uzito wa shira iliyopanda uwasukume warudi wengi sawa na wanaoingia. Hapo kimo kinasimama. Si kwamba wametulia – wanapita kama kawaida, ila idadi imelingana. Msukumo huo unaotosha kulinganisha ndio shinikizo la osmosisi. Sukari ikizidi, shinikizo linalotakiwa linazidi. Na ukisukuma kupita hapo, maji yanarudi nyuma, sukari inabaki. Ndiyo mashine yetu!

Nikatengeneza karoti ya pili ili nisukume kwa pumzi. Nilipulizia mrija mpaka masikio yakaziba. Nta ikaachia, shira ikanirukia puani. Bibi amecheka mpaka akaomba kiti.


Jumanne, 11 Machi

Leo nimekosea vibaya, kisha nikapatia, na sijui lipi lina uzito zaidi.

Nilikaa na daftari. Maji ya kisima: gramu tatu za chumvi kwa lita. Shinikizo lake la osmosisi: zaidi kidogo ya baa mbili, kwa kipimo cha presha kilicho kwenye geji. Pampu inasukuma kwa baa kumi na mbili, geji zote mbili zinasema hivyo. Inashinda bila jasho. Sasa shida iko wapi?

Halafu nikawaza: lakini maji hayabaki yalivyoingia. Kadiri yanavyotembea bombani yanatoa maji matamu, chumvi inabaki kwenye yaliyosalia. Mwisho wa bomba yakoje? Nikakinga maji ya kutupa kwenye kikombe. Kimita kikakataa, kikaandika vistari. Nikachanganya kikombe kimoja na vikombe tisa vya maji matamu ndipo kikasoma. Nikazidisha kwa kumi.

Gramu kumi na tano. Baa kumi na moja!

Kumi na moja kwa kumi na mbili. Pale mwisho wa bomba, nguvu yote ya pampu inaliwa, inabaki baa moja ya kufanyia kazi. Pampu si mgonjwa. Geji haikuongopa. Pampu inapigana na chumvi tuliyoifungia ndani wenyewe. Na chumvi ikisongamana hivyo, kidogo inapenya, ndiyo iliyotua kwenye koleo la daktari.

Chumvi imeongezeka mara tano – maana yake katika kila ndoo tano zinazoingia tunatoa nne tamu na kutupa moja. Hakuna utando wa aina yetu unaovumilia hivyo. Koki ya maji ya kutupa imebanwa mno.

Nikamwendea Fundi Taratibu, na sikuanza hata kwa shikamoo. Nikamwambia koki umeibana. Alinitazama. Akainuka, taratibu kwa kweli, akanipeleka kwenye koki, akafuta mpini wa koki kwa dole gumba. Chini ya vumbi kuna mstari wa rangi nyekundu, na mwingine kwenye bomba. Aliichora siku aliyofunga mashine, mistari ikiwa sambamba. Sasa imeachana, mzunguko mzima na nusu.

“Mimi naacha alama,” akasema, “ili nisije nikajisingizia.”

Nikamwomba radhi. Akasema hana neno. Nikamwuliza kama alijua koki inabanwa. Alijua. Ila yeye pia aliona ni faida: ukibana, presha inapanda, na presha ikipanda maji yanaongezeka, ndivyo alivyofundishwa. Kwa hiyo alikuwa na ushahidi wake mkononi muda wote na hakujua kwamba ni ushahidi.

Hakutaja mkono wa nani. Kituo kina watu watatu, na Bibi haingii chumba cha mashine, anasema kinanguruma kama marehemu mumewe.


Jumatano, 12 Machi

Nilijua. Lakini nilitaka kuona.

Alfajiri Mjomba anaingia kabla ya kufungua geti. Nilisimama mlangoni na fagio. Akaweka ndoo yake chini ya bomba la maji ya kutupa – ndoo hiyo ndiyo inayopiga deki sakafu yetu, kuosha geti, kuosha baiskeli za majirani hata wasipoomba. Akayatazama yanavyotiririka. Akaibana koki kidogo tu, kama anayempandishia mtoto shuka. Unywele mmoja. Akatoka akipiga mluzi.

Nimemwuliza Bibi kwa mzunguko, nikijifanya nauliza habari za zamani. Akasema huyo alipokuwa mdogo, ukimwaga maji ya kunawia mbele yake analia kama umemwaga uji. Walikuwa wanayafuata mbali, na zamu ya kubeba ilikuwa yake. Hakupona.

Na kibaya zaidi – au kizuri – hakuwa mjinga. Kila alipobana, siku ile maji yaliongezeka kweli. Presha ilipanda kabla chumvi haijawahi kuizidi. Aliona kwa macho yake, mara kumi, mara ishirini. Alikuwa sahihi mara zote hizo, mpaka siku aliyopita mahali ambapo kubana ni kupoteza, na hakuna kilichomwambia. Unywele wa siku ile ulifanana na unywele wa jana yake.

Sasa mimi ndiye wa kumwambia. Mtu aliyenichukua nikiwa darasa la tatu. Aliyekuwa anakaa nami mezani nikifanya hesabu, akijifanya anaelewa ili nisijione peke yangu. Nimwambie kwamba aliyeharibu ni yeye, na aliyemfukuzia rafiki yake ni mkono wake mwenyewe?

Jioni nilijaribu.

“Mjomba.”

“Naam, Mkemia.”

“Chai iko tayari.”

Akasema tumeshakunywa. Pamoja. Vikombe vilikuwa bado mezani.


Ijumaa, 14 Machi

Fundi mpya amekuja kupima. Kijana nadhifu, ana gari lenye ngazi juu. Akaigonga pampu kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti, akasema imekwisha hii. Hakutazama geji, hata moja. Kesho saa nne anarudi kuing'oa.

Ungedhani Mjomba atafurahi, kapata aliyemuunga mkono. Alimsindikiza getini bila utani hata mmoja. Kisha akakiosha kikombe alichonywea kijana yule, akakiosha tena.

Shetani amenijia mchana, na ushauri mzuri sana: ifungue koki mwenyewe. Kimyakimya, mpaka mstari ukutane na mstari. Tangi litajaa, kesho hakuna cha kung'oa, hakuna mkosaji. Nilifika mpaka kwenye koki. Nilishika.

Nikaachia. Mjomba ataanza kubana upya, unywele unywele, na mwakani tutakuwa hapahapa. Na Taratibu je? Atabaki mtu ambaye pampu yake iliharibika, kisha ikapona yenyewe kwa huruma. Hajasafishwa. Atasamehewa kosa ambalo si lake, na sijui kama kuna kitu kichungu kuliko hicho.

Kesho asubuhi. Nimeandika, sasa siwezi kukimbia daftari langu mwenyewe.


Jumamosi, 15 Machi. Saa tatu na nusu asubuhi, chumba cha mashine

Naandika nikiwa nimekalia dumu. Daftari liko gotini, basi mwandiko ni huu.

Nimemwambia saa mbili. Sikuanza na osmosisi. Nilimpa glasi mbili. Ya kwanza ya kisima – akaonja, akasema naijua hii. Ya pili akaitema hadi ukutani. Akauliza nimeitoa bahari gani. Nikamwambia imetoka bombani mwetu, ndiyo anayoisukuma pampu yake kutwa.

Kisha nikaeleza. Kwamba maji matamu yakishapita, chumvi inabaki kwenye maji machache yaliyosalia, na mlango wa kutokea tumeuacha mwembamba. Inajazana. Kila inavyojazana inarudisha msukumo wa pampu nyuma. Kwamba yale tunayotupa hayapotei bure, yanabeba chumvi kwenda nayo. Tukiyazuia, chumvi inakaa. Nilisema “tuki”, “tuna”, “tume”. Yeye si mtoto, alisikia ni nani.

Fundi Taratibu alikuwa pembeni amekalia sanduku lake, alikuja kuchukua spana zake zilizobaki. Hakuinua uso.

“Kila ilipobanwa yaliongezeka,” Mjomba akasema.

“Siku ile, Mjomba.”

“Siku ile.”

Akarudia mara ya pili, polepole. Akaenda mpaka kwenye koki, akaiona ile mistari miwili ambayo Fundi aliifuta vumbi Jumanne. Akapima kwa vidole nafasi iliyo kati yake. Nilitamani aseme kwa hasira, ningejua pa kushika. Kisha, bila kugeuka, bila kunipitia mimi, siku ya ishirini:

“Wewe. Umekunywa chai?”

“Bado,” akasema Fundi.

“Utakunywaje na pumzi yote hii ya moto unayonipulizia mgongoni. Njoo uone anavyosema huyu mtoto.”

Fundi amekuja. Kwa mwendo wake. Amesimama kushoto, mimi na kimita changu kulia.

Mjomba anafungua. Robo mzunguko. Maji ya kutupa yameongezeka sauti, yanakwenda mtaroni wazi, ndoo haiwezi tena kuyakinga yote. Amefumba macho. Mtu mzima wa miaka hamsini na minane, amefumba macho kama anayechomwa sindano! Robo nyingine. Geji imeshuka mpaka kumi na moja, ameniuliza kwa nini, nimemwambia iache ishuke, ni sawa. Kimita kwenye maji matamu: kinashuka. Polepole, lakini kinashuka. Nimemwonyesha. Hakusoma, ametazama mtaro.

Simu yake imeita mfukoni. Hajapokea. Sasa honi getini – yule kijana na ngazi zake, amewahi. Bibi anamwambia huko nje angoje, kwa sauti ile ambayo mtu hangoji kuambiwa mara mbili.

Mkono wa Mjomba bado uko kwenye koki. Mistari haijakutana, imebaki kama mzunguko mzima.

“Imetosha,” anasema. Hajauliza, ameamua.

Fundi ananitazama mimi. Na Mjomba naye amefumbua macho, ananitazama mimi.

“Bado, Mjomba.”